Kila asubuhi makosa 10 ya databesi, kisha mfumo unapona wenyewe. Kwa nini puli inanipa konekisheni zilizokufa?

KijanaWaKimara #1
Wakuu, habari za jioni.

Nina jambo linaloniumiza kichwa wiki ya tatu sasa. Nimekabidhiwa mfumo wa SACCOS moja, mfumo wa zamani wa Java, WAR moja (faili la programu) iliyokaa ndani ya Tomcat (seva inayoendesha programu za Java). Databesi ni MySQL 5.7, iko seva nyingine jengo jingine. Tunaifikia kwa VPN na katikati kuna fayawoli. Puli ya konekisheni (akiba ya miunganisho ya databesi iliyo wazi tayari) ni ile ya Tomcat JDBC, imeandikwa kwenye context.xml: initialSize 10, minIdle 10, maxActive 50 (zinaanza 10, zilizolala zisipungue 10, zote zisizidi 50). Mengine aliyenitangulia hakuyagusa.

Ofisi zinafungwa saa 2 usiku. Asubuhi saa 1 na nusu karani wa kwanza akiingia anapata kosa. Anabonyeza tena, kosa. Nimehesabu kwenye logi wiki nzima: makosa ni 10, kisha mfumo unakimbia kama haujawahi kuumwa. Logi inasema:

`Communications link failure. The last packet successfully received from the server was 41,412,007 milliseconds ago.`

Kuna la pili silielewi kabisa. Baadhi ya siku mchana, hasa Ijumaa, makarani wa kwanza kurudi kutoka mapumziko skrini zinaganda. Kosa halitoki. Inazunguka tu, dakika 15 na ushee, ndipo kosa lilelile linatokea.

Swali: kazi ya puli si kutunza konekisheni? Inawezaje kunipa maiti?

Mzee_wa_Terminali #2
Hilo halihitaji uzi mrefu. Milisekunde 41,412,007 ni saa 11 na nusu. MySQL ina wait_timeout, chaguo-msingi lake ni sekunde 28,800, yaani saa 8. Konekisheni ikikaa kimya saa 8, seva inaifunga upande wake. Puli yako haina habari, inaendelea kuihesabu kama nzima. Makosa 10 kwa sababu minIdle ni 10. Weka testOnBorrow="true" na validationQuery="SELECT 1", puli ipime kila konekisheni kwa ombi hilo jepesi kabla ya kuitoa, ulale.

Nyakato_MZA #3
Ndiyo maana mimi naendelea na PHP. Ombi likija nafungua, likiisha nafunga. Miaka 9 sijawahi kuona hicho kitu mnachokiita puli. Watu wa Java mnapenda kujibebesha mizigo.

FundiMitandao #4
@Nyakato_MZA ukiwa na wateja 20 sawa. Subiri wawe 2,000. Kila kufungua ni kupeana mikono ya TCP, kisha TLS kama ipo, kisha nywila. Kwenye PostgreSQL kila konekisheni ni prosesi nzima inayozaliwa kwenye seva. Na MySQL kwa chaguo-msingi inapokea konekisheni 151 tu, PostgreSQL 100. Siku ya mshahara utakutana na "Too many connections" na utaukumbuka uzi huu.

BintiNgamiani #5
Mleta uzi, ngoja nikupe picha ambayo huwa nawapa vijana wanaoanza kazi kwetu.

Puli ni kijiwe cha bodaboda. Badala ya kila abiria kwenda kununua pikipiki, anafika kijiweni anachukua iliyopo, akifika anairudisha. Mwenye kijiwe anahesabu pikipiki kwa macho: moja, mbili, tatu, kumi. Hapigi stata. Usiku mtu akinyonya mafuta kwenye zote, asubuhi bado atahesabu kumi. Abiria wa kwanza ndiye atakayegundua.

Ndivyo TCP ilivyo. Konekisheni si waya wenye umeme unaokatika ukaona giza. Ni kumbukumbu mbili tu, moja kwenye kompyuta yako na moja kwenye ya mwenzako, kila mmoja akiamini mwenzake yupo. Mmoja akifa bila kuaga, wa pili anaendelea kuamini mpaka atakapojaribu kusema naye. Mimi naziita konekisheni hewa, kama wale wafanyakazi hewa: kwenye orodha wapo, kazini hawapo.

Mwanakwerekwe #6
Konekisheni hewa, jina limekaa. Ila hili "puli" silitaki, puli ni ile ya kunyanyulia ndoo kisimani. Kwa nini tusiseme bwawa?

BintiNgamiani #7
@Mwanakwerekwe bwawa maji yake yote ni sawa, ukichota popote umepata maji. Hapa kila moja ina hali yake, na unarudisha ileile uliyochukua. Kijiwe kinafaa zaidi. Lakini ukiandika "kijiwe cha konekisheni" kwenye ripoti ya kazi bosi atauliza maswali, basi tubaki na puli.

Dev_Kahama #8
Mkuu usihangaike, kwenye URL ya JDBC ongeza `autoReconnect=true`. Mimi nimeweka, maisha yanaendelea.

Mzee_wa_Terminali #9
@Dev_Kahama iondoe leo. Mwongozo wa MySQL wenyewe unashauri isitumike. Kwanza, kosa bado linakufikia, kinachobadilika ni kwamba kweri (ombi kwa databesi) inayofuata itajaribu kuunganisha upya. Pili, konekisheni mpya haina chochote cha ile ya zamani: vigeu vya kikao, majedwali ya muda, kufuli, muamala uliokuwa nusu. Umetoa pesa akaunti A, konekisheni ikafa, draiva (kipande kinachounganisha Java na MySQL) ikaunganisha kimyakimya, ukaweka pesa akaunti B kwenye kikao kipya. Ile ya A imebatilishwa, ya B imepita. Kwenye SACCOS hiyo ni pesa iliyozaliwa hewani.

Dev_Kahama #10
Duh. Hilo sikuliwaza. Naiondoa kesho asubuhi.

KijanaWaKimara #11
Asanteni sana. @Mzee_wa_Terminali nimeingia kwenye MySQL nikapiga SHOW VARIABLES, wait_timeout ni 28800 kama ulivyosema.

Lakini Ijumaa mchana hakuna aliyekaa saa 8. Mapumziko ni kama saa moja na kidogo. Na kwa nini huko inaganda, na asubuhi inatoa kosa papo hapo?

Mzee_wa_Terminali #12
Kwanza hakikisha hiyo namba. Ukiingia kwa mkono kupitia programu ya mysql, kikao chako kinahesabiwa kuwa cha mazungumzo, na wait_timeout unayoonyeshwa imechukuliwa kutoka interactive_timeout. Inaweza kukuonyesha 28800 wakati programu yako inapewa 600. Piga SHOW GLOBAL VARIABLES. Hapo wengi tumedanganyika.

KijanaWaKimara #13
Nimepiga ya GLOBAL. Zote mbili 28800.

FundiMitandao #14
Sasa nipisheni, hii ni ya kwangu.

Mleta uzi, nitafutie mstari kamili wa logi ya Ijumaa. Ujumbe wa draiva ya MySQL una namba mbili, pakiti ya mwisho kupokelewa na pakiti ya mwisho kutumwa. Watu husoma ya kwanza wakaacha ya pili, na ya pili ndiyo ushahidi.

KijanaWaKimara #15
Hii hapa, Ijumaa iliyopita:

`last packet successfully received: 4,932,518 milliseconds ago. Last packet sent successfully: 924,640 milliseconds ago.`

(Nimefupisha maneno, namba ni zenyewe.)

FundiMitandao #16
Umeiona 924? Hiyo namba ni ya Linux kabisa. Ukituma pakiti na upande wa pili hajibu chochote, wala kukubali wala kukataa, keneli (kiini cha Linux) inarudia kutuma huku ikiongeza muda wa kusubiri kila mara. Kinachoiambia ikate tamaa lini ni tcp_retries2, na chaguo-msingi lake ni 15. Marudio 15 yanachukua takriban sekunde 924.6. Ndizo dakika zako 15 na ushee.

Sasa toa: 4,932 kasoro 924 ni sekunde 4,008. Konekisheni ilikuwa kimya dakika 66 na ushee kabla karani hajaigusa. Fayawoli nyingi za ofisini husahau konekisheni ya TCP iliyokaa kimya saa 1. Cisco ASA na FortiGate zote zinakuja na sekunde 3,600. Ikishaisahau, pakiti yako inayofuata inaonekana ni ya mgeni asiyejulikana, inatupwa bila neno. Siku za kawaida mapumziko yenu ni ya saa moja au pungufu, haifiki. Ijumaa watu wanakaa zaidi kwa ajili ya swala, inavuka 3,600. Ndiyo maana Ijumaa.

Kwa taarifa tu, RFC 5382 (waraka wa kanuni za intaneti) ya 2008 inavitaka vifaa vya NAT, vinavyobadilisha anwani za IP njiani, visiisahau TCP iliyo hai kabla ya saa 2 na dakika 4. Wengi hawaifuati.

Mzee_wa_Terminali #17
Hesabu nzuri, nakubali ya Ijumaa. Lakini kuna shimo kwenye maelezo yako. Kama fayawoli inasahau baada ya saa 1 na kutupa pakiti kimya, basi na asubuhi ingeganda vilevile dakika 15. Tena hata MySQL ikifunga saa 10 alfajiri, ile pakiti ya kuaga nayo ingetupwa na fayawoli, isifike. Asubuhi inatoa kosa papo hapo. Kwa hiyo asubuhi ni wait_timeout na fayawoli haihusiki, au fayawoli haifanyi unavyosema. Haziwezi kuwa kweli zote mbili.

FundiMitandao #18
Labda usiku fayawoli inazimwa na kuwashwa? Zipo ambazo zikiamka bila kumbukumbu hujibu kwa RST, pakiti ya kukata konekisheni papo hapo.

Mzee_wa_Terminali #19
"Labda" haiingii kwenye ripoti, mkuu.

DBA_Mstaafu #20
Salaam. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Wote wawili mmesahau hodi. TCP ina utaratibu wa kupiga hodi kwenye konekisheni iliyo kimya ili kujua kama mwenzake yupo. Draiva ya MySQL ya Java huuwasha yenyewe, tcpKeepAlive kwake ni true kwa chaguo-msingi. Lakini muda ni wa keneli: tcp_keepalive_time ni sekunde 7,200. Baada ya saa 2 za ukimya inapiga hodi ya kwanza, isipojibiwa inarudia kila sekunde 75, mara 9. Mara 9 kwa 75 ni 675. Jumla 7,875, yaani saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Hapo keneli yenyewe inaitangaza soketi (ncha ya konekisheni upande wako) kuwa imekufa.

Sasa soma upya hadithi ya kijana. Ijumaa: kimya dakika 66, fayawoli imesahau, hodi bado haijapigwa, karani anatuma kweri kwenye shimo, anasubiri sekunde 924. Usiku: saa 2 usiku kimya kinaanza, saa 3 fayawoli inasahau, saa 4 hodi zinaanza na hakuna anayejibu, saa 4 na dakika 11 soketi zote zimetangazwa maiti. Asubuhi karani akigusa, keneli inamjibu palepale. Fayawoli ni ileile, kinachotofautiana ni nani amegundua kifo kwanza.

Hiyo ya saa 2 si ajali. RFC 1122 ya 1989 inasema chaguo-msingi la muda huo lisiwe chini ya saa 2. Wakati ule hakukuwa na fayawoli kila mlangoni.

BintiNgamiani #21
Nimesoma mara mbili. Mkuu @DBA_Mstaafu, kaa hapahapa usirudi kusoma tu.

Mzee_wa_Terminali #22
Inaniingia. Lakini hata maelezo yangu ya wait_timeout hayajafutwa, yamesogezwa tu. Tofauti itaonekana kwenye sababu ya ndani ya kosa. Mleta uzi, shuka chini kwenye "Caused by". Ukiona "Connection timed out", DBA yuko sahihi, keneli ndiyo iliyoua. Ukiona EOFException, "expected to read 4 bytes, read 0 bytes", basi seva iliaga na kuaga kukafika.

Dev_Kahama #23
Mimi naona mnachimba mbali. Hapo kuna kodi (msimbo wa programu) inachukua konekisheni hairudishi. Nilishakutana nayo: njia moja ya kutokea ilikuwa na return kabla ya close(). Puli ilikuwa inaisha kidogokidogo mpaka mfumo unaganda. Mchana kuna wateja wengi, lazima igande.

DBA_Mstaafu #24
@Dev_Kahama uvujaji ni ugonjwa wa kweli na kwa macho ya karani unafanana na huu. Ila dalili yake ni nyingine. Puli ikiisha, kosa linasema hakuna konekisheni ya kukupa, halisemi mawasiliano yamekatika. Na hakuponi kwenyewe baada ya makosa 10, kunazidi kuharibika mpaka uwashe upya. Tomcat ina removeAbandoned na logAbandoned, Hikari, puli nyingine ya Java, ina leakDetectionThreshold. Kijana aiwashe logi hiyo, atajua.

msee_wa_rongai #25
Niaje wadau, niko Nairobi. Mambo ya kimya si ya fayawoli za ofisi pekee. Sisi tulihamia kwenye wingu tukadhani tumeziacha hizo. Kila programu ikikaa dakika sita hivi bila kazi, ombi la kwanza linaanguka. Tulikuwa na Hikari, maxLifetime (umri wa juu wa konekisheni) dakika 30, tukajiona tuko salama.

FundiMitandao #26
@msee_wa_rongai dakika sita inaeleweka. Nyaraka za AWS (wingu la Amazon) zinasema NAT Gateway yao inakata kimya cha sekunde 350, na ukijaribu kuendelea inakurudishia RST. Azure Load Balancer chaguo-msingi ni dakika 4. Kwa hiyo kuhamia Hikari hakutoshi, ingawa watu watakuja hapa kusema "hamia Hikari". Dakika 30 za maxLifetime zinakuokoa na fayawoli ya saa 1, hazikuokoi na NAT ya dakika 6. Hapo unataka keepaliveTime, iguse konekisheni iliyolala kila dakika 2 au 3.

msee_wa_rongai #27
Ndivyo tulifanya, ikatulia. Halafu ikaja mpya, na hii sijaona mtu ameitaja.

Databesi kuu ilianguka usiku, ya akiba ikapandishwa cheo, kama dakika mbili hivi. Kila kitu kijani. SELECT 1 inapita kila mahali. Lakini kila anayejaribu kuandika anapigwa na kosa 1290, seva iko read-only. Ilikuwa hivi: ile seva ya zamani ilirudi kama ya kusoma tu, na baadhi ya seva zetu za Java zilikuwa zimekariri IP ya zamani. Mtu alikuwa ameweka networkaddress.cache.ttl iwe -1 miaka ya nyuma, yaani jina likitafutwa mara moja halitafutwi tena milele. Kwa hiyo konekisheni zilikuwa nzima kabisa, ila kwa bwana ambaye hatawali tena. Hapo SELECT 1 inakudanganya, buda.

Mwanakwerekwe #28
Hiyo ya rongai ndiyo mbaya kuliko zote. Maiti utaizika. Huyu yuko hai na anaitikia.

BintiNgamiani #29
Naomba nisogeze mada kidogo, kwa sababu nimeona mtu atamaliza kusoma hapa akaandika kodi ya "ikishindikana jaribu tena" akadhani amemaliza.

Tulikuwa tunapokea malipo ya maji kwa simu. Konekisheni ikifa, kodi yetu ilikuwa inachukua nyingine na kurudia. Safi. Siku moja mtandao kati ya seva na databesi ukawa unakatika kwa sekunde sekunde. Mama mmoja akalipa bili mara moja, kwenye vitabu vyetu ikaingia mara mbili. Akaja ofisini na simu yake mkononi, ujumbe mmoja tu wa malipo. Nilikaa naye nikimwonyesha mistari miwili kwenye skrini, sikuwa na la kumwambia.

Kilichotokea: tulituma COMMIT (amri ya kukamilisha muamala), databesi ikaandika, jibu likapotelea njiani. Sisi tukaona kosa, tukarudia. Konekisheni ikifa wakati wa COMMIT hujui kama muamala umepita au haujapita, na hakuna puli duniani itakayokuambia. Dawa yetu ilikuwa namba ya kumbukumbu ya malipo kuwa ya kipekee kwenye jedwali. Rudia hata mara kumi, ya pili inagonga mwamba. Usirudie kuandika bila hilo.

Golang_Mbeya #30
Nakazia ya @BintiNgamiani. Go imelichukua hili kwa uzito. database/sql, maktaba yake ya databesi, inarudia yenyewe pale tu draiva inaposema ErrBadConn (konekisheni mbovu), na maelekezo kwa waandishi wa draiva ni kwamba wasiseme hivyo kama kuna uwezekano seva imeshatekeleza. Inajaribu konekisheni za pulini mara 2, kisha inafungua mpya.

Chatu_wa_Python #31
Na kwa wa SQLAlchemy (maktaba ya databesi ya Python) ni pool_pre_ping=True, ipo tangu toleo 1.2. Django CONN_HEALTH_CHECKS tangu 4.1. Hizi zinapima wakati wa kuchukua tu. Ikifia katikati ya kazi bado ni juu yako.

KijanaWaKimara #32
Nimerudi na matokeo. Jumatatu usiku niliweka testOnBorrow na SELECT 1 kama alivyosema Mzee. Jumanne mpaka Alhamisi asubuhi hakuna kosa hata moja. Makarani wameniletea maandazi.

Leo Ijumaa, saa 8 mchana: imeganda. Dakika 15 zilezile.

FundiMitandao #33
Lazima igande. Kipimo chenyewe ndicho kinachoganda sasa. SELECT 1 yako inaingia kwenye shimo lilelile inasubiri sekunde 924. Umemtuma mtu kuangalia kama daraja limekatika, naye amezama.

Unahitaji mojawapo: punguza tcp_keepalive_time iwe sekunde 300 ili hodi ipigwe kabla fayawoli haijasahau, au weka testWhileIdle puli iwe inazigusa zenyewe zikiwa zimelala, au weka socketTimeout kwenye URL. Draiva ya MySQL socketTimeout yake ni 0, yaani isubiri milele. Weka sekunde 60.

KijanaWaKimara #34
Ripoti ya mwisho wa mwezi inachukua dakika 20 kwenye kweri moja.

FundiMitandao #35
Basi socketTimeout ya sekunde 60 itaiua. Tengeneza puli mbili, ya makarani fupi, ya ripoti ndefu.

DBA_Mstaafu #36
Au rekebisha hiyo ripoti. Dakika 20 kwenye SACCOS? Kuna faharasa imekosekana mahali. Lakini huo ni uzi mwingine.

Mimi ningeanza na hodi ya sekunde 300, haigusi kodi wala ripoti. Na tcp_retries2 ningeishusha iwe 8, karibu sekunde 100, ili hata ikitokea kuganda, mtu asisubiri robo saa.

Mzee_wa_Terminali #37
tcp_retries2 inagusa kila kitu kwenye seva hiyo, pamoja na VPN yake kama inapita TCP. Mtandao ukiyumba dakika 2 utakata vitu ambavyo vingepona. Sikubaliani nayo.

Nyakato_MZA #38
Sisi tuliweka cron (kazi ya ratiba), saa 11 alfajiri Tomcat ya jirani zetu inazimwa na kuwashwa. Imedumu miaka miwili na hakuna aliyelalamika.

DBA_Mstaafu #39
Hiyo inatibu asubuhi. Ijumaa mchana utaweka cron ya saa 7:55?

KijanaWaKimara #40
@Mzee_wa_Terminali nimepata muda wa kushuka kwenye "Caused by" za Jumatatu asubuhi, kabla sijabadilisha kitu. Na sasa nimechanganyikiwa zaidi.

Makosa 10. Saba ni "Connection timed out", pakiti ya mwisho milisekunde milioni 41 na kitu. Matatu ni EOFException, na pakiti yao ya mwisho ni milisekunde 20,4xx,xxx. Kwa hiyo nani yuko sahihi?

Mzee_wa_Terminali #41
Wote. Au hakuna. Milioni 20.4 ni saa 5 na dakika 40. Rudi nyuma kutoka saa 1 na nusu asubuhi: saa 7 na dakika 50 usiku. Kuna kitu kilitumia konekisheni tatu saa 7 usiku. Unayo kazi ya usiku?

KijanaWaKimara #42
Ipo, ya kukokotoa riba, inaanza saa 7 na nusu usiku. Na kwenye logi yake kuna makosa matatu mwanzoni halafu inaendelea.

DBA_Mstaafu #43
Basi hayo matatu yanahesabika. Riba ilikuta maiti kumi, ikagonga tatu, puli ikazitupa na kufungua mpya tatu. Zile saba hazikuguswa mpaka asubuhi, ndizo "timed out" zako.

Lakini tatu mpya zimekufa kwa EOF, yaani seva iliaga na kuaga kukapita kwenye fayawoli. Kukapita maana yake fayawoli ilikuwa bado inazikumbuka: ni ndani ya saa 1 tangu saa 7:50 usiku. wait_timeout ya saa 8 haiwezi kufanya hivyo. Kuna mtu au kitu kinazifunga kati ya saa 7:50 na saa 8:50 usiku. Piga `SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Uptime'` utuletee namba, ni sekunde tangu MySQL iwashwe.

Dev_Kahama #44
Bakapu hiyo. Script inazima MySQL, inanakili faili, inawasha.

FundiMitandao #45
Au mtu amepanga KILL kwa konekisheni zinazolala. Nimeyaona hayo pia.

KijanaWaKimara #46
Nimeomba ruhusa nikapiga leo Jumatatu, saa 7 kamili mchana. Uptime ni 38,880.

BintiNgamiani #47
Saa 10 na dakika 48. MySQL yenu iliwashwa saa 8 na dakika 12 usiku wa kuamkia leo.

KijanaWaKimara #48
Nimemuuliza anayesimamia seva hiyo, anasema bakapu yao haizimi MySQL, na yeye hajui ni nini kinachoizima. Ameahidi kuangalia logi ya makosa. Mimi hodi nimeshaiweka 300 upande wa Tomcat, na tcpdump (programu ya kurekodi pakiti) nitaiwasha pande zote mbili Ijumaa kuanzia saa 6 mchana. Nitaleta nilichokiona.